Chupa Tupu za Mama Shiro

Shemeji yangu Mumbi hatupi kitu. Ukiingia kwake utakuta mikebe ya siagi imegeuka vipimo vya unga, magunia ya sukari yameshonwa yakawa mikeka ya mlangoni, na gauni la harusi yake limekatwa likawa mapazia ya chumba cha wageni. Ndugu yangu Mureithi, Mungu amlaze pema, alizoea kusema kwamba akifa watu wamchunge vizuri, mke wake asije akamtafutia kazi nyingine. Alikufa kweli, na koti lake la Jumapili ninalo mimi. Mumbi alilipunguza mikono akaniletea, hata kifungo kimoja hakikupotea.

Mimi ni Ngigi, nyumbani huniita Baba Ann. Nauza mawe ya kujengea hapa Kitengela, niko na lori moja lililochoka na mdomo ambao haujawahi kuchoka. Katika boma letu, mtu akioa au akizikwa, anayesimama kuongea ni mimi. Watu husema nina kipawa. Siku hizi wakisema hivyo natazama chini, na mtaona kwa nini.

Mureithi alimwachia Mumbi binti mmoja, Shiro, na kisima cha mashine nyuma ya nyumba. Mumbi alianza kuuza maji kwa mitungi kwa wapangaji wa fleti mpya, wale ambao mfereji kwao ni pambo la ukutani. Baadaye akanunua mashine ya kusafisha, kisha ya kujaza chupa ndogo. Leseni ya kaunti alipiga foleni mwenyewe, cheti cha ubora alipiga foleni mwenyewe, leseni ya ushuru vilevile. Nasema haya mapema ili mtu asidhani shemeji yangu alizaliwa mjanja. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akimfuata mteja barabarani kumrudishia shilingi moja, na mteja akiikataa anakasirika.

Sasa, chupa ya maji Kenya hii haiuzwi uchi. Kwenye kifuniko lazima kuwe na stika ndogo ya ushuru. Mwenye kiwanda anaagiza hizo stika kwa KRA, mamlaka ya ushuru, analipia kila chupa, na stika ndiyo ushahidi kwamba serikali imepata chake. Ukiielekezea simu inakwambia kinywaji hiki ni cha nani na kilitengenezwa lini. Ni mpango mzuri ukiusikia. Lakini stika inataka pesa leo, na supamaketi ikichukua maji yako inakulipa ikijisikia. Mumbi alikuwa akilalamika hivyo, nami nilikuwa nikimuunga mkono kwa kelele, maana kulaumu ushuru ni kazi rahisi na haihitaji leseni. Nilimwambia hao watu wa ushuru ni kupe, wananyonya tu. Sikuwahi kujiuliza ananisikiliza kwa masikio gani.

Ila jina la Mumbi halikujengwa na biashara. Lilijengwa na matanga. Mtu akifiwa, iwe ni Mkikuyu mwenzetu, Mkamba, Mluo au Mmaasai, Mumbi alileta maji kwa bei ya chini kuliko duka lolote, na katoni kadhaa za bure juu. Na watu wakishazika, wengine wakikimbilia foleni ya chakula, yeye alifunga leso kiunoni, akachukua gunia, akapita katikati ya viti akiokota chupa tupu, zake na za kampuni nyingine, hata zile zilizotupwa kandokando ya kaburi. Pasta Sankale alimtolea mfano kanisani. Alisema wengine wetu tunaacha uchafu kwenye nyumba ya mfiwa, na mama huyu hulala akiwa ameokota mzigo wa watu asiowajua. Mimi nikasimama nikaongezea yangu, kwamba boma letu halikuoa mke, lilioa baraka. Makofi yalipigwa, na Mumbi aliinamisha kichwa. Tulidhani ni unyenyekevu.

Kwa mjane mwenye mtoto mmoja, hilo jina lilikuwa mali kuliko kisima. Na Shiro alipopata mchumba, ndilo tulilotaka wakwe walione kwanza, kabla ya nyumba na kabla ya mimi kufungua mdomo.

Mchumba ni Opiyo, kijana wa Siaya anayepanga hapa Kitengela na kufanya kazi Nairobi. Baba yake alishafariki, kwa hivyo siku ya ruracio, siku ya kuzungumza mahari, aliyeongoza wageni alikuwa shangazi yake, Adero, ambaye ndiye aliyemsomesha. Mama mrefu, mpole, wa miwani na viatu vya chini. Shiro alikuwa ametuambia tu kwamba shangazi anafanya kazi ya serikali. Ni wakati wa kujitambulisha ndipo alipotaja kazi yenyewe: yeye ni afisa wa KRA, upande wa ushuru wa bidhaa.

Hema zima likaguna. Mtu mmoja huko nyuma akasema mbuzi wafichwe. Nami, msemaji wa boma, nikaona leo nimeletewa mtama na mimi ni kuku. Nikamwambia kwamba hata Biblia inawaweka watoza ushuru benchi moja na wenye dhambi. Akanijibu bila kuinua sauti kwamba ni kweli, na kwamba ni kwao Yesu alipenda kwenda kula. Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Nilimpenda papo hapo.

Sikunyamaza. Nikamuuliza, kwa utani wa wakwe, kama ni kweli wanaweza kuingia stoo ya mtu wakaanza kufungua maboksi. Akasema ni kweli. Kama ni kweli wanaweza kuandikia benki, na benki ikawapa pesa za mtu zote asubuhi kabla hajanywa chai. Akasema ni kweli pia, lakini kabla ya hapo kuna barua, kuna nafasi ya kupinga, kuna baraza la rufaa, na wengi barua hizo huzifungia viatu. Akasema sehemu kubwa ya kazi yao ni kungoja watu waje kwa miguu yao. Wakionekana na polisi langoni kwako, ujue wameshachoka kuandika.

Kumbe wakati huo Mumbi alikuwa amekwenda jikoni akawaambia wanawake watoe uji na soda, maji yabaki stoo. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Mimi nilichoona ni meza ya wakwe haina maji ya nyumbani, na damu ikanichemka. Yaani watu watoke Siaya waje kunywa soda ya dukani, na sisi tuna kisima? Nikaagiza katoni ziletwe. Hazikuja. Nikaenda stoo mwenyewe, na koti langu la Jumapili, nikabeba katoni begani nikapanga chupa mezani moja baada ya nyingine, kifuniko juu, stika juu.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Nilimwambia Adero aangalie vizuri, hapa si kwa watu wa kukwepa. Atoe simu apime. Akatabasamu akasema leo amekuja kama shangazi, kazi ameiacha nyumbani. Nikasema basi wakwe wetu wanatudharau. Nikarudia. Wazee wakaanza kunisaidia, pima, pima, tuone. Nafikiri alitoa simu ili tu nitulie. Aliilekeza kwenye chupa iliyokuwa mbele yangu, nami nikainama begani kwake ili niisome mbele ya watu kwa sauti kubwa.

Ilikuwa juisi ya embe. Simu ilisema chupa hiyo ni juisi ya embe, ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, iliyotengenezwa mwaka juzi. Adero akaguna kidogo, akachukua chupa ya pili. Hiyo ilikuwa maji, lakini maji ya kiwanda kingine kabisa. Ya tatu hakuipima. Aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Network ya Kitengela ni mbaya," alisema.

Watu wakacheka, maana ni kweli ni mbaya. Mimi sikucheka. Niliinua macho nikamwona Mumbi amesimama mlangoni na sinia la chapati, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama ile simu iliyolala kifudifudi. Nikajua anajua, na nikajua haikuwa bahati mbaya ya katoni moja.

Niliendelea kuongea kwa sababu msemaji hawezi kukaa. Nikataja mbuzi, nikataja ng'ombe, nikataja blanketi za kina mama, bei ile ya juu ambayo hutajwa ili ipunguzwe. Adero alikubali yote. Hakubisha hata mbuzi mmoja. Jamaa zangu walifurahi wakaninong'onezea kwamba leo nimewaweza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mkwe asiyebishana nawe bei hajashindwa, amekuonea huruma.

Wageni walipokuwa wanapiga picha na Shiro, Adero akaomba aonyeshwe kisima. Tukaenda watatu tu, yeye, Mumbi na mimi. Nyuma ya nyumba kuna lile banda la mashine, na kando yake magunia ya chupa tupu yamepangwa mpaka juu. Adero aliyatazama akayaelewa. Sikuwahi kuyaelewa, na nimeyapita miaka.

Mumbi hakungoja kuulizwa. Alisema stika hakuchapisha, wala hakununua kwa wezi. Chupa za matanga zikifika nyumbani anapasha birika, mvuke unalegeza gundi, anaibandua stika taratibu kwa wembe.

"Imelipiwa tayari, Mama," alimwambia Adero. "Mwenye chupa alilipa kodi. Ningeiacha ingeoza kwenye takataka. Mimi natumia tena tu."

Nawaapia hakuwa anajitetea kijanja. Alisema kama anavyosema habari za mikebe ya siagi. Ila najua moyoni hakuwa na amani. Mtu mwenye amani haambii jikoni wafiche maji.

Adero alivua miwani. Alisema aliyelipa alilipia maji yake yeye, na maji ya Mumbi hayajalipiwa na mtu. Halafu akasema jambo ambalo mimi na kelele zangu za kupe sikuwahi kulifikiria. Mtoto wa mtu akiugua tumbo leo kwa maji haya, simu itawapeleka wazazi kwa kiwanda cha mtu mwingine, na Mumbi atabaki hapa anasifiwa kanisani. Mumbi akashika nguzo ya banda.

Nikamuuliza shangazi sasa itakuwaje, nikiwa nimeshaanza kutafuta kwenye kichwa changu jina la mtu ninayemjua, anayejua mtu. Akanitazama kama aliyeliona hilo jina.

"Nimekula hapa," alimwambia Mumbi. "Siwezi kukushtaki na siwezi kunyamaza. Jumatatu nitamwambia mkubwa wangu nilichokiona, na nitaomba faili apewe mwingine kwa sababu wewe ni mkwe wangu. Lakini ukiwa umejipeleka mwenyewe kabla yangu, utakuwa umejipeleka. Anayejileta na anayeletwa hatuwaandiki sawa."

Mumbi akauliza swali moja tu, kama Shiro ataachwa. Adero akasema hayo ni ya Opiyo, na Opiyo hatayasikia kutoka kwake. Akavaa miwani, akaenda kupiga picha.

Wageni walipoondoka nilimgombeza shemeji yangu vibaya sana. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia nimesimama mbele ya watu wa Siaya nimevaa koti la ndugu yangu, nikajivunia wizi. Nilimuuliza kama alikuwa akibandua stika huku akiimba zile nyimbo za kanisa. Nilipomaliza hasira nikaja na akili yangu ya mtaani: tuchome magunia, tumwage maji, tumtafute fulani aongee na watu. Hapo ndipo alipojibu, na ilikuwa kwa upole kabisa.

"Baba Ann, nimeokota vya kutosha. Sitaki sasa kuokota na uongo."

Shiro alikuwa amesikia yote dirishani. Aliingia na nguo zake za ruracio, akampita mama yake, akafungua kabati la jikoni akatoa mkebe wa siagi. Ndani kulikuwa na stika zimepangwa juu ya karatasi ya nailoni, safi, kila moja na nafasi yake. Aliuweka mezani. Akampigia Opiyo simu hapohapo mbele yetu, akamweleza bila kuficha neno, na akamwambia yuko huru. Opiyo akasema atakuja kesho. Kesho yake alikuja, akakaa na Mumbi sebuleni, akanywa chai yake. Sikusikia walichosema. Nilijua tu kwamba Shiro hakuvua pete ya uchumba, na kwamba mama yake alishindwa kumtazama kijana huyo usoni mpaka anaondoka.

Jumatatu tulienda ofisi ya KRA ya Kajiado. Ofisi ya karibu ilikuwepo, lakini Mumbi hakutaka kuonwa na mtu wa Kitengela. Alisema heri atubu mbele ya wageni. Tulishika barabara ya Namanga mapema na lori langu, tukapita Isinya bila kusimama kununua hata mayai. Alipakata ule mkebe mapajani njia nzima. Nilijaribu kumchekesha nikashindwa, na mimi ni mtu ninayechekesha hata waliofiwa.

Tukapewa namba, tukakaa kwenye foleni pamoja na watu wa kawaida, wenye maduka, wenye malori kama mimi, mama mmoja aliyekuwa akiuliza kama kodi ya nyumba zake italipwa kwa simu. Sikuwaona kupe. Niliona vijana wameloa jasho wakieleza jambo lilelile mara kumi. Namba yetu ikaitwa.

Kijana wa meza ile aliinua macho, na badala ya kutuambia tukae, akasimama.

Jina lake ni Kimeu. Ni mwana wa mzee Ngui, fundi wa mabati tuliyemzika hapa Kitengela mwaka jana. Alizunguka meza, akamwita Mama Shiro, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akawaita wenzake wawili. Akawaambia huyu ndiye yule mama aliyekuwa akiwasimulia. Siku ya kumzika baba, watu wote walipokwenda kula, hata yeye mwenyewe alipokwenda kula, mama huyu alibaki kaburini na gunia, akiokota chupa kwenye udongo mbichi mpaka pakawa safi.

"Nilisema siku ile," Kimeu aliwaambia, "kwamba mtu baki amemheshimu baba yangu kuliko sisi wanawe."

Nimeona aibu maishani. Nimeanguka jukwaani, nimekataliwa na mkwe, nimeshikwa na deni sokoni. Hiyo yote ilikuwa mchezo. Nilisimama pale nikitazama miguu yangu, nikimwomba Mungu stima ipotee, paa lianguke, chochote. Wale wenzake walikuwa wanatabasamu, mmoja ameshavuta kiti cha mama.

Mumbi hakukaa. Alitoa mkono wake polepole kutoka kwenye mikono ya Kimeu, akaweka mkebe mezani, akaufungua.

"Hii ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya pale, mwanangu," alisema. "Za baba yako ziko humu."

Kimeu aliangalia ndani. Yeye ni mtu wa kazi hiyo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Uso wake ulibadilika mbele yetu, kwanza kama mtu ambaye hajasikia, kisha kama mtu aliyechukuliwa kitu mfukoni. Wenzake wakarudi kwenye meza zao bila kuambiwa. Yeye akarudi upande wake, akakaa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Keti, mama," alisema, na sasa alikuwa anaongea na ile meza. "Nitakueleza haki zako kwanza, halafu utaniambia tangu mwanzo."

Na alifanya kazi yake sawasawa, sitamsingizia. Hakumkemea wala hakumdhalilisha. Alimweleza wanachoweza kuchukua na wasichoweza, mahali pa kukata rufaa, na kwamba kosa kama hili linaweza kumalizwa nje ya mahakama mtu akilikubali kwa maandishi. Alimuuliza kama anataka wakili. Ila hakumwita tena Mama Shiro, na tulipoondoka hakutoa mkono.

Walikuja baada ya siku chache. Walikuwa na lori na polisi mmoja aliyekuwa akicheza na simu. Walibeba chupa zilizojaa, wakabeba magunia, wakafunga mashine kwa utepe, wakachukua leseni. Benki hawakuigusa, kwa sababu alijileta. Faini na kodi ya nyuma analipa kidogo kidogo, na maji sasa anauza kwa mitungi kama alivyoanza. Gazeti halikuandika kitu. Lakini Kitengela haisomi gazeti, inasoma malori, na lile lilisimama langoni asubuhi nzima.

Jumapili iliyofuata Mumbi alikwenda kanisani akasimama mwenyewe, akasema alichofanya, akakaa. Pasta Sankale akasema tumwombee. Tukaomba. Hakuna aliyempigia makofi, na mimi, msemaji, sikusimama kuongezea yangu. Harusi ilifanyika. Adero alikuja, alikaa karibu na Mumbi, wakala sahani moja. Kwa macho ya watu mambo yaliisha vizuri.

Mwezi uliopita tulimzika mama yake Pasta Sankale huko Isinya. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na maji yalikuwa ya kampuni nyingine, katoni kwa katoni. Baada ya kuzika nikamwona Mumbi anafunga leso kiunoni. Nilimfuata haraka nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo awache, vijana wataokota. Akaniuliza kama ng'ombe wa watu wale plastiki kwa sababu yeye ana aibu. Akachukua gunia akaenda.

Alipita katikati ya viti kama zamani. Hakuna aliyemtukana. Watu walimpa chupa zao, tena kwa heshima, shika mama, asante mama. Ila kila mmoja, kabla ya kumpa, alipitisha ukucha kwenye kifuniko, akakwaruza stika mpaka ikachanika, ndipo akanyoosha mkono. Hawakuangaliana wala hawakuambizana. Mumbi aliona. Alikuwa anapokea, anasema asante, anatia guniani, anasonga kwa anayefuata.

Alipofika kwangu alitanua mdomo wa gunia bila kuniangalia. Nikatia chupa yangu. Ilikuwa imeshaanguka ndani nilipoona vipande vya stika chini ya ukucha wangu.